Kiambishi -ka- na Jinamizi la Darwin: Hadithi ya Mwanza na Hadhira Yake

Katika sarufi ya Kiswahili kuna kiambishi kidogo kinachofanya kazi kubwa kuliko umbo lake, nacho ni -ka-. Msimulizi anaposema, "Mzee alikunywa dawa akafa," hajasema kwamba dawa ndiyo iliyomwua. Alichosema ni kuwa tendo la pili lilifuata la kwanza. Hata hivyo ni vigumu kumpata msikilizaji atakayeisikia sentensi hiyo asiishuku dawa. Sababu haimo katika sentensi. Imo kichwani mwa msikilizaji, naye huitia pale bila kuombwa na mara nyingi bila kujua kuwa ameitia. Vitabu vya sarufi hukiita kiambishi hiki cha mfuatano wa matukio na kuishia hapo. Wasimulizi, tangu zamani, wamejua zaidi ya hayo.

Mhadhara huu unakitoa kiambishi hicho darasani na kukipeleka katika ukumbi wa sinema. Filamu inayochunguzwa ni Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, ya mwongozaji Mwaustria Hubert Sauper. Ilipigwa Mwanza na katika mialo ya Ziwa Victoria, na ilionyeshwa katika tamasha la Venice mwaka 2004. Mwaka 2006 ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za hali halisi. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani akiwa Mwanza, na wakazi wa mji huo waliandamana kuipinga. Filamu iliyofaulu kiasi hicho upande mmoja wa dunia, na kukataliwa kiasi hicho katika mji ilimopigwa, yastahili kuulizwa swali la kiisimu: ni yapi iliyasema yenyewe, na ni yapi yaliyosemwa na watazamaji kwa niaba yake?

Samaki na miaka thelathini

Kiini cha hadithi ya filamu kinafahamika kwa watu wa kanda ya ziwa. Sangara, samaki alaye samaki wenzake, hakuwamo kiasili katika Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo na binadamu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu hakuonekana sana, kisha katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafla. Furu, samaki wadogo ambao ziwa hili lilikuwa na spishi zao zaidi ya 500, walipungua vibaya, na takriban spishi 200 huhesabiwa kuwa zimetoweka. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden, walioanza kuwachunguza furu katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, walijikuta wakiandika kumbukumbu za kutoweka kwao. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, alilieleza jambo hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1994. Viwanda vya minofu vikajengwa, ndege za mizigo zikaanza kutua, minofu ikaenda Ulaya.

Sentensi ya mwisho imejengwa kwa -ka- tatu, na msomaji ameipita bila kusita. Ni sentensi ya kweli. Lakini tuseme imefupishwa zaidi: "Sangara akaletwa, furu wakatoweka." Hii nayo haina uongo, ila imemeza miaka ipatayo thelathini iliyopita kati ya tendo la kwanza na la pili. Katika miaka hiyo ziwa lilikuwa likibadilika kwa namna nyingine pia: udongo na mbolea kutoka mashambani, maji machafu ya miji, mwani kuongezeka, oksijeni kupungua katika vilindi, maji kupoteza ung'avu ambao furu waliutegemea ili kutambuana kwa rangi. Tena, tangu miaka ya 1990, baadhi ya furu wamerejea katika sehemu za ziwa ambako uvuvi umewapunguza sangara. Wanasayansi wanaendelea kupima uzito wa kila chanzo. Kiambishi -ka- hakina mizani ya kupimia.

Mkato usio na kiunganishi

Sinema iligundua -ka- yake mapema. Katika miaka iliyofuatia mapinduzi ya Urusi ya 1917, Lev Kuleshov aliunganisha picha ya uso wa mwigizaji mmoja na picha ya sahani ya supu, kisha uso uleule na picha ya jeneza. Watazamaji waliona njaa usoni mara ya kwanza, na huzuni mara ya pili, ingawa uso haukubadilika. Picha mbili zikikaa jirani, jicho huzaa ya tatu.

Jinamizi la Darwin, yenye dakika 107, imejengwa juu ya ujirani huo. Tunaiona ndege kubwa aina ya Ilyushin ikitua Mwanza. Tunawaona marubani kutoka nchi zilizokuwa za Umoja wa Kisovieti wakinywa na kustarehe na wanawake wa mjini. Minofu inafungwa katika maboksi. Watoto wa mitaani wanagombania chakula. Mabaki ya samaki yanaanikwa, na funza wanatambaa. Swali ambalo filamu inalirudia ni hili: ndege hizi huja na nini? Wengine hujibu kuwa huja tupu. Mwandishi wa habari wa Kitanzania anazungumzia silaha. Karibu na mwisho rubani mmoja, kwa sauti ya mtu anayejuta, anakiri kuwa aliwahi kupeleka zana za kivita Angola na kurudi Ulaya na zabibu kutoka Afrika Kusini.

Ungamo hilo ni zito, na ndicho kilele cha filamu. Lakini ni ungamo kuhusu Angola. Silaha zenyewe hazionekani Mwanza hata mara moja. Kinachoonekana ni ndege, kisha samaki, kisha njaa, kisha rubani mwenye majuto. Mtazamaji wa Paris hutoka ukumbini akiwa na sentensi kamili: Waafrika wa Mwanza hubadilishiwa samaki wao kwa bunduki. Sentensi hiyo haimo katika filamu. Hakuna mhusika aliyeitamka hivyo, na mwongozaji hakuiandika. Kwa kipimo cha sarufi Sauper hakudanganya; alisimulia kwa -ka- na kuwaachia wengine "kwa sababu". Kama hiyo ni haki au si haki ni swali jingine, na jibu linaloelekea kuwa sahihi ni kwamba mtu anayeshitaki anadaiwa kiunganishi. Mshairi hadaiwi. Filamu hii ilitaka kuwa vyote viwili.

Mwanahistoria Mfaransa François Garçon aliishambulia filamu hiyo kwa makala na kwa kitabu kilichotoka mwaka 2006. Alivuka mpaka alipodai kuwa watoto walilipwa ili waigize, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa kumkashifu Sauper. Hukumu hiyo iliilinda heshima ya mwongozaji. Haikuhusu maana ya mkato kati ya picha na picha, jambo ambalo mahakama haina namna ya kulihukumu.

Mlinzi aliyepoteza -nge-

Kuna jambo moja ambalo katika ubishi wote huo halikupewa uzito unaostahili, nalo ni lugha. Wengi wa wahusika wa Mwanza katika filamu huzungumza na mwongozaji kwa Kiingereza, lugha ambayo si yake wala si yao. Anayekumbukwa kuliko wote ni mlinzi wa usiku, mwenye upinde na mishale, akilinda taasisi ya utafiti wa uvuvi. Anaulizwa kuhusu vita. Majibu yake, kwa Kiingereza cha maneno machache na taratibu, yanamwacha mtazamaji akiamini kuwa mtu huyu, na wengi kama yeye, wanaitamani vita kwa kuwa jeshini kuna mshahara.

Tumrejeshe mtu huyo katika Kiswahili. Mzungumzaji wa Kiswahili ana -nge- na -ngali- za kuliweka jambo mbali naye: vita ingekuwapo, watu wangepata kazi. Ana hu- ya mazoea, inayosema kuwa jambo huwa hivyo bila kumtaja anayelitaka. Ana "eti" ya kujitenga na maneno anayoyasema. Anaweza kutaja vita kama kipimo cha ukosefu wa kazi na kila msikilizaji akaelewa kuwa anazungumzia kazi. Asiyekuwa na mazoea ya kutosha na Kiingereza huviacha vyote hivyo mlangoni. Dhana inageuka kuwa tamko, na mfano unageuka kuwa ombi. Mtazamaji anayesoma tafsiri chini ya picha hajui kuwa anasoma tafsiri ya mtu ambaye tayari alikuwa akijitafsiri mwenyewe gizani, mbele ya kamera.

Inafaa kumkumbuka hapa mwandishi wa ziwa lilelile, Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilibidi yeye mwenyewe aitafsiri kwa Kiswahili ndipo ichapwe, mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kitereza naye alilipa gharama ya kuhama lugha, lakini alihama kwa hatua zake mwenyewe, akiwa na muda wa kuchagua kila neno.

Hadhira inayotembea

Katika fasihi simulizi hadhira si kundi la watu waliokaa kimya. Fanani huomba ruhusa kabla ya kuanza, na hadhira humjibu kuwa hadithi na ije. Wakati wa kusimulia huulizwa, hukatizwa, husahihishwa na mzee aliyeijua hadithi kabla yake. "Kwa nini?" ya mtoto ndiyo inayomlazimisha kuigeuza -ka- yake kuwa "kwa sababu", au kukiri kuwa hana sababu.

Usukumani haki hiyo imekwenda mbali zaidi. Katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, ambayo huonekana hadi leo katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Watazamaji huwa huru kuhama kutoka upande huu kwenda ule, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Hivyo vikundi vyote viwili huja na vituko, nyoka, fisi, sanamu na nyimbo mpya, kwa kuwa mchezaji anayechosha huwaona watu wakimpa mgongo papo hapo.

Hata sinema ya kigeni ilipoingia katika vibanda vya video haikupokelewa kimya. Wasimulizi kama Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, waliweka sauti yao ya Kiswahili juu ya sauti ya filamu, wakieleza, wakitania, na kuongeza sababu pale ambapo filamu haikutoa. Wasomi wengine waliwacheka. Walichokuwa wakifanya ni kumrudishia mtazamaji fanani anayeweza kusikika akiwa jirani.

Kwa kipimo hiki maandamano ya mwaka 2006 yanasomeka upya. Yalikuwa na siasa ndani yake, na wengi waliopaza sauti walikuwa wameisikia filamu ikisimuliwa tu, bila kuiona. Waliosimuliwa sentensi ya -ka- waliipokea ikiwa tayari imeshageuzwa kuwa "kwa sababu". Lakini chini ya siasa kulikuwa na dai halali: watu walikuwa wamefanywa malighafi ya hadithi, na hadithi hiyo haikuwahesabu katika hadhira yake. Kosa la upande wa Tanzania lilikuwa kujibu picha kwa matamko. Picha ya funza juu ya kichwa cha samaki haiondolewi na hotuba.

Mapanki

Neno lililotoka katika ubishi huo likiwa na jeraha ni "mapanki". Panki ni mifupa na kichwa cha sangara vinavyobaki kiwandani baada ya minofu kuondolewa. Upande wa Kenya, mjini Kisumu, kitu hichohicho huitwa mgongo wazi, kama gauni lisilo na kitambaa nyuma. Jina hilo la Kisumu lina utani ndani yake, na utani huo ni wa watu wanaokinunua kitu hicho, si wa wanaokitazama kwa mbali. Sehemu ya ubishi ilihusu kama mapanki ni chakula cha watu. Ni chakula cha watu: hukaangwa, huuzwa, huliwa, kwa kuwa sangara mzima amekuwa ghali kwa wengi wanaoishi kando ya maji alimovuliwa. Hapo filamu ilisema kweli, na aliyekanusha alikosea.

Lakini kwa mwanamke anayeyakaanga, panki ni mtaji pia. Ana hesabu ya mafuta na kuni, ana wateja wa mkopo, na ana mshindani mpya, viwanda vya chakula cha mifugo vinavyoyataka mabaki hayohayo. Kamera ilimfikia ikaona moshi na funza. Hesabu yake ilihitaji swali, na swali lilihitaji Kiswahili au Kisukuma, na muda wa kukaa hadi mafuta yapoe. Katika Mwaloni wa Kirumba, ambako kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi na kuanikwa, hufungwa kwa ajili ya soko la Kongo, wachuuzi huieleza biashara ya ziwa kuanzia bei ya chumvi.