Mkao unaoupa mkono wa roboti nguvu ndio huo huo unaoukwamisha

HAMALI aliyebeba gunia la kilo 50 begani aweza kusimama kwa muda mrefu iwapo magoti yake yamenyooka. Mwambie ayapinde nusu na abaki hivyo, na punde si punde mapaja yataanza kutetemeka.

Sababu ni kwamba miguu ikinyooka, uzani wa gunia hupitia mifupani hadi ardhini na misuli hupata nafuu. Lakini magoti yaliyonyooka hayawezi kumwinua juu zaidi. Akitaka kuruka, sharti ayapinde kwanza.

Jambo hilo hilo huwaumiza vichwa wahandisi wa mikono ya roboti, mitambo iliyoanza kazi viwandani mwaka wa 1961 pale Unimate ilipowekwa katika kiwanda cha magari cha General Motors, jimboni New Jersey, Marekani. Wataalamu huuita mkao huo singulariti. Hapa tutauita mkao wa mkwamo.

Hebu tuchukue mkono sahili wenye vipande viwili, kila kimoja urefu wa nusu mita, na mota mbili: moja begani, nyingine kwenye kiwiko. Tunataka ncha yake isogee mbele, ikiliacha bega, kwa kasi ya sentimita 25 kwa sekunde. Kasi hiyo hatukuibahatisha. Ndiyo kikomo ambacho roboti za viwandani huwekewa wakati fundi anapoziendesha akiwa karibu nazo.

Kiwiko kikiwa kimepinda digrii 90, mota yake itazunguka takriban digrii 40 kwa sekunde, kazi nyepesi. Zikisalia digrii 10 tu kinyooke, itahitaji digrii 330 kwa sekunde. Ikisalia digrii moja, itatakiwa kuzunguka zaidi ya mara tisa kila sekunde. Mkono ukinyooka kabisa, hakuna kasi yoyote ya kiwiko itakayoisogeza ncha hiyo mbele hata kidogo.

Hatari imejificha hapo. Fundi huona ncha ikienda polepole, kumbe kiwiko kiko karibu kuchapuka ghafla kama mjeledi.

Upande wa nguvu hesabu hugeuka. Tuseme mota ya kiwiko ina nguvu za kuzungusha za nyutoni-mita 100. Kikiwa kimepinda digrii 90, ncha yaweza kusukuma mbele kwa nguvu zinazolingana na uzani wa kilo 29. Zikisalia digrii 10, mota ile ile husukuma kwa uzani wa kilo 234. Kasi ya mota iliyohitajika imeongezeka mara nane, na nguvu za ncha nazo zimeongezeka mara nane. Kinachopatikana huku hulipwa kule.

Hata hivyo, nguvu hizo ni za upande mmoja tu. Mkono ulionyooshwa mlalo na kupewa mzigo nchani huwa katika hali yake dhaifu kabisa, kwani bega hubeba uzani wote kutoka mbali.

Mwaka wa 1985, mtaalamu Mjapani Tsuneo Yoshikawa alichapisha njia ya kuyapima haya kwa umbo mfano wa yai. Yai la kasi huonyesha ni upande upi ncha yaweza kwenda kwa wepesi, na yai la nguvu huonyesha ni upande upi yaweza kusukuma. Palipo parefu katika la kwanza huwa pafupi katika la pili. Mkono ukifikia mkwamo, yai la kasi hubapa kama chapati.

Kiwiko si mkosaji wa pekee. Mikono mingi ya viwandani ina viungo sita, na kinachosumbua zaidi ni kifundo. Kiungo cha tano kikinyooka, cha nne na cha sita huzunguka juu ya mstari mmoja. Mota mbili hufanya kazi ya moja, na upande mmoja wa kugeukia hupotea.

Tiba mara nyingi ni ya kawaida mno: kuhamisha meza ya kazi, au kuinamisha kidogo kifaa kilichoshikwa. Walio na uwezo huongeza kiungo. Canadarm2, mkono wa mita 17 uliopelekwa mwaka wa 2001 kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, una viungo saba, hivyo waweza kubadili mkao wa kiwiko bila kuisogeza ncha.

Nayo ASIMO, roboti ya Honda iliyozinduliwa mwaka wa 2000, ilijulikana kwa kutembea magoti yakiwa yamepinda kama mtu anayenyatia. Magoti hayo yaliiepusha na mkwamo, lakini mota zake zilifanya kazi hata iliposimama tu, kama yule hamali aliyekatazwa kunyoosha miguu.