SAFARI YA UNGUJA HUANZIA KIJIJINI

Na Bwana Shamba



Je, umewahi kuiona bahari? Wengi wetu wa bara tunaisikia tu. Kikundi kimoja cha wakulima katika kata ninayofanyia kazi kiliamua kwenda Unguja. Walitaka kuona kilimo cha mwani na kupumzika ufukweni. Nilikwenda nao. Tuliyojifunza nakuandikia hapa, ili nawe ukisafiri usipate hasara.

Weka akiba mapema

Usiuze chakula cha watoto ili usafiri. Andika kwanza gharama zote: basi hadi Dar es Salaam, nauli ya boti kwenda na kurudi, malazi, chakula na daladala. Ongeza fedha ya dharura. Tuseme jumla ni shilingi 240,000 kwa mtu mmoja. Ukiweka shilingi 20,000 kila mwezi, utafika baada ya miezi 12. Bei hubadilika, kwa hiyo uliza bei za sasa kabla ya kupiga hesabu yako.

Chukua kitambulisho chako. Kata tiketi dirishani, si kwa mtu anayekufuata barabarani. Hakikisha jina lililoandikwa kwenye tiketi ni lako. Sasa unajua kusoma, basi soma!

Tazama mwezi na upepo

Mkulima hupanda kwa majira. Msafiri wa baharini naye huenda kwa majira. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ni nyingi. Mwezi Juni na Julai upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, na bahari huchafuka. Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi.

Tazama na mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua. Siku hizo maji hujaa sana na kupwa sana. Ndipo akina mama wa Paje na Jambiani hushuka baharini kuhudumia mwani wao. Huufunga kwenye kamba zilizokazwa kwa vigingi, na huuvuna baada ya wiki sita hivi. Kilimo hicho kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani hutumika kutengenezea sabuni na vitu vingine vingi. Ukienda wakati wa maji mafu, hutaona kazi hiyo vizuri.

Chombo kikijaa, usipande

Sasa sikiliza jambo kubwa kuliko yote. Asubuhi ya safari tulikuta watu wanasukumana kuingia chomboni. Mizigo ilikuwa imejaa hadi njiani. Mwenyekiti wetu, mama wa makamo, alisimama akasema, "Jamani, hapa hatupandi."

Wengine walinung'unika, nami nikiwa mmoja wao. Nauli tulikuwa tumekwisha kulipa. Tulilala mjini usiku mmoja zaidi, na fedha ya dharura ikatumika. Chombo kile kilifika salama. Watu wakamcheka mama yule.

Lakini mama hakukosea. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Watu mamia walikufa. Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba. Mamia wengine walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Watu 228 walikufa. Vyombo vyote vitatu vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi. Waliopanda siku zile nao walikwisha lipa nauli.

Nauli ikipotea, utalima upate nyingine. Uhai haulimwi.

Ukiingia chomboni, tazama maboya ya kuvaa yalipo na jinsi ya kuyafunga. Tazama mlango wa kutokea. Watoto wakae karibu nawe. Watu wasikimbilie wote upande mmoja.

Ufukweni

Kwa kuwa tulipanga kukaa siku tatu za bamvua, hatukukosa kuona mwani. Wenyeji walitupokea vizuri. Uliza kabla ya kuingia shambani mwao, na usikanyage kamba zao. Vaa nguo za heshima kijijini. Vaa viatu majini, kwa sababu kuna wanyama wenye miiba. Jua ni kali, basi chukua kofia na maji ya kunywa.

Maji yakipwa unaweza kutembea mbali sana. Lakini hurudi baada ya saa chache. Wenyeji wakianza kurudi pwani, nawe rudi.

Usibebe mbegu ya muhogo wala miche, kwenda wala kurudi. Ugonjwa wa batobato na ule wa michirizi ya kahawia husafiri ndani ya vipande vya mihogo. Zawadi hiyo yaweza kuharibu shamba la jirani yako.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini msafiri wa Unguja atazame mwezi?
2. Safari ni shilingi 180,000. Ukiweka 15,000 kila mwezi, utasafiri baada ya miezi mingapi?
3. Chombo kile kilifika salama. Je, mwenyekiti alifanya vema kukataa? Toeni sababu.