Ndege ya Pili Haisubiri

Kila uwanja mkubwa wa ndege una muda wa chini kabisa wa kuunganisha safari, na mifumo ya kuuzia tiketi haikubali kwenda chini ya hapo. Vienna umejijengea jina kwa muda mfupi sana, usiofika hata nusu saa kwa baadhi ya safari. Frankfurt hutaka dakika 45. Abiria akiona tiketi kama hiyo imeuzwa, huamini kwamba wenye kazi yao wameshapiga hesabu.

Hesabu ipo, ila ni ya abiria ambaye ndege yake imetua kwa wakati, anayetembea upesi, asiye na mtoto mgongoni wala mama mzee wa kumshika mkono.

Tuseme tiketi inaonyesha dakika 90 mjini Doha. Qatar Airways hufunga geti dakika 20 kabla ya ndege kuondoka, na Emirates kule Dubai hufanya vivyo hivyo. Aliyekaa viti vya nyuma anaweza kutumia robo saa kutoka ndani ya ndege tu. Zimebaki dakika 55, na foleni ya ukaguzi wa mizigo ya mkononi bado haijaguswa. Ndege ya kwanza ikichelewa nusu saa, jambo la kawaida kabisa, kinachobaki ni mbio.

Marekani ndiyo inayowashangaza wengi. Kule hakuna kupita tu. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Minneapolis kupitia Amsterdam na Chicago, akifika Chicago hupanga foleni ya uhamiaji, husubiri mabegi yake kwenye mkanda, huyapitisha forodhani, huyakabidhi upya, kisha hukaguliwa tena kama mtu aliyetoka mtaani. Haijalishi kwamba mabegi yalibandikwa lebo ya Minneapolis tangu Dar. Chupa ya manukato aliyoinunua njiani akaisahau kwenye mkoba wa mkononi inaweza kumponyoka hapo. Na pale O'Hare, uwanja wa Chicago, ndege nyingi za kimataifa hushusha abiria jengo la 5, wakati nyingi za ndani huondokea majengo mengine, kwa hiyo kuna treni ya kupanda pia. Saa tatu kwa kituo cha namna hii si anasa. Waliopitia Abu Dhabi kwa Etihad wana nafuu: tangu 2014 maofisa wa Marekani huwakagua hukohuko, wakatua kama abiria wa ndani. Ila foleni haikufutwa, imehamia Abu Dhabi, na muda mrefu unatakiwa pale.

Swali kubwa kuliko dakika ni hili: tiketi ni moja au mbili? Kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lina wajibu wa kumtafutia abiria nafasi nyingine. Ulaya sheria inakwenda mbali zaidi. Abiria mmoja alitoka Bremen, Ujerumani, kwenda Asunción, Paraguay, kupitia Paris na São Paulo. Ndege ya Bremen ilichelewa kama saa mbili na nusu, zote zilizofuata zikampita, akafika saa 11 baada ya muda uliopangwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kinachopimwa ni ucheleweshaji wa mwisho wa safari, si wa kipande cha kwanza. Fidia ya safari ndefu namna hiyo ni euro 600.

Aliyenunua tiketi mbili mbalimbali ili aokoe fedha hana kinga hiyo. Kwa shirika la pili yeye ni abiria ambaye hakutokea, na mara nyingi hata tiketi ya kurudi hufutwa. Tena huenda akalazimika kutoka nje kuchukua mabegi, na hapo viza inaingia. Viza yenyewe haimsubiri mtu atoke nje: Mtanzania au Mkenya anayebadilisha ndege London, hata asipovuka uhamiaji, kwa kawaida huhitaji viza ya kupita, na Mkongo wa DRC huihitaji hata viwanja vya nchi za Schengen, isipokuwa wenye vibali maalumu.

Na kuna kituo ambacho wengi hawakihesabu kabisa, cha nyumbani. Anayetoka Mwanza hushukia jengo la pili pale uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, lakini ndege za kimataifa huondokea jengo la tatu, lililoanza kazi 2019. Mara nyingi ni tiketi mbili, mabegi mkononi, na kaunta inayofungwa saa nzima kabla ya ndege kuruka. Wenye ndugu Sinza au Tabata hufika jana yake.