Je, Wajua? Baharia wa jahazi hakuwa na mshahara

Katika majahazi na mabumu ya biashara ya Bahari ya Hindi, malipo yalikuwa ni mafungu. Safari ikiisha, gharama za chakula zilitolewa kwanza, kisha mapato yakagawanywa baina ya chombo na watu wake. Mwaka mbaya, baharia alirudi kwao akiwa na deni kwa nahodha! Ndiyo maana aliruhusiwa kubeba sanduku lake la bidhaa ndogondogo, auze bandarini kwa faida yake mwenyewe.

Mwaka 1939, baharia na mwandishi Mwaustralia Alan Villiers alifika Zanzibar akiwa ndani ya bumu la Kuwait, nahodha wake Ali bin Nasr el Nejdi. Kutoka hapo waliingia delta ya Rufiji kutafuta boriti. Huko hakukuwa na kuli wa kuwapokea. Mabaharia wenyewe walizama kwenye tope la mikoko, wakakata miti na kuibeba hadi chomboni, mbu wakiwasindikiza. Boriti hizo ziliezeka nyumba za Ghuba, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba.

Baharini kulikuwa na kufua maji ya ngama, kutia kalafati na kuligeuza foromali (mti wa kufungia tanga), kazi iliyowataka mabaharia karibu wote. Chakula kilipikwa juu ya sitaha. Choo? Kisanduku cha mbao kilichoning'inizwa nje, upande wa tezi, mawimbi yakipita chini.