Hewa Bora: kampuni ya ndege iliyopanda, kisha ikaanguka

Wakaaji wengi wa Goma na Kisangani wakisikia jina Hewa Bora, hawafikiri hewa ya kupumua. Wanafikiri ndege, na wengine wanafikiri kilio.

Kampuni hiyo ilizaliwa katika miaka ya 1990, wakati Air Zaïre ya serkali ilikuwa inakufa (ilifilisika mwaka 1995). Nafasi ilikuwa kubwa. Toka Kinshasa mpaka Goma ni zaidi ya kilometa 1.500 angani, na barabara ya maana hakuna. Mfanyabiashara, mgonjwa, mwanafunzi, hata mbunge, kila mtu alipashwa kupanda ndege ao abaki. Njo maana Hewa Bora ikakua: Lubumbashi, Kisangani, Goma, kisha mpaka Brussels.

Lakini kutunza ndege ni kazi ingine. Ndege nzee inanunuliwa bei ya chini, ila inakunywa mafuta mingi na kuomba piesi kila mara. Mwaka 2006, Umoja wa Ulaya ulikataza makampuni ya Kongo kuruka kwake. Hewa Bora iliachiwa ndege moja tu, na baadaye hata hiyo ikakatazwa.

Tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 2008, DC-9 yake ilishindwa kuruka Goma, ikapita mwisho wa kiwanja na kuingia Birere, kati ya nyumba na maduka. Watu karibu 40 walikufa. Wengi wao hawakuwa wasafiri. Walikuwa kwao ao kwenye biashara yao. Kubebesha kampuni peke yake mzigo huo si haki: kiwanja kilikuwa kimefupishwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002, na miaka sita nyuma yake lava ilikuwa ingali pale.

Tarehe 8 mwezi wa 7 mwaka 2011, Boeing 727 ikitoka Kinshasa ilianguka Kisangani wakati wa kutua, hali ya hewa ikiwa mbaya. Zaidi ya watu 70 walikufa. Serkali ikasimamisha kampuni. Ndege zikikaa chini, feza haziingie, lakini madeni na mishahara vinaendelea.

Mwaka 2012 ilirudi kwa jina FlyCongo, na mwaka huohuo ikaunganishwa na CAA. Makampuni ya Kongo, nayo, yalibaki kwenye orodha ya Ulaya.