Sentensi za Kipokezi cha GPS na Uziwi wa Kivinjari: Mfano wa Osieko

Makala hii inakusudia kueleza kwa nini kompyuta iliyounganishwa na kipokezi cha GPS yaweza bado kukosea mahali ilipo. Tuchukue Osieko, ufuko wa wavuvi katika Ziwa Victoria, Kaunti ya Busia. Huko mpaka wa Kenya na Uganda hupita majini, hauonekani kwa macho. Na mvutano wa kisiwa cha Migingo, uliopamba moto mwaka 2009, ulidhihirisha uzito wake kwa mvuvi.

Kivinjari kwa kawaida hakimsikilizi kipokezi. Huuliza mfumo wa kompyuta au huduma ya intaneti, ambayo hukisia kwa mitambo ya Wi-Fi iliyo jirani au kwa anwani ya intaneti. Hivyo kompyuta ya Osieko yaweza kudhaniwa iko Nairobi.

Kipokezi nacho husema, tena kwa "sentensi". Ndivyo kanuni ya NMEA 0183 inavyouita kila mstari, istilahi ambayo wanaisimu hatuna budi kuifurahia. Sentensi huanza kwa alama ya dola, na viambajengo vyake hutenganishwa kwa mkato. Katika sentensi ya RMC, herufi A huashiria taarifa halali, V huonya isitumike. Sarufi hii ina mtego. Longitudo 03357.0000 ni digrii 33 na dakika 57, yaani digrii 33.95. Programu ikiisoma kuwa 33.57, mtumbwi husogezwa magharibi kilomita 42 hivi, ndani kabisa ya maji ya Uganda!

Kinachohitajika basi ni mkalimani. Katika Linux, gpsd husikiliza kipokezi (vya zamani aghalabu hutuma biti 4800 kwa sekunde) na kuzigawa taarifa kupitia mlango 2947. Programu ndogo huzichukua hapo na kuzitoa kwa muundo wa JSON: latitudo, longitudo na usahihi. Katika Firefox, kipengele geo.provider.network.url huelekezwa kwenye programu hiyo, huku vyanzo vingine vya mahali vikizimwa.

Ikumbukwe pia kwamba Chrome tangu 2016, na Firefox tangu 2017, hukataa kuupa mahali ukurasa usiotumia https, isipokuwa ule unaotolewa na kompyuta yenyewe. Hatimaye tazama tarakimu ya usahihi, ambayo hutolewa kwa mita. Ikiwa ni maelfu, kivinjari kingali kinakisia.