Umefunga Leo, Snapshoti Bado Ni ya Juzi

Seva ya mafaili ninayoitunza inaendeshwa na ZFS, mfumo uliozaliwa Sun Microsystems na kuwekwa wazi kwa umma mwaka 2005. Kila saa inapiga snapshoti, yaani picha ya mafaili yalivyo saa hiyo. Hainakili faili lolote. Inachofanya ni kutoifuta data ya zamani, mabadiliko yakaandikwa mahali pengine kwenye diski. Ndiyo maana kufumba na kufumbua imekwisha, na haili nafasi mpaka watu waanze kubadilisha vitu. Aliyefuta barua yake anaingia mwenyewe .zfs/snapshot, anachagua saa, anajichukulia. Hanisumbui, nami nanywa chai yangu.

Sasa tazama. Mhasibu aliweka orodha ya mishahara kwenye folda ya wote, ikiwa na ruhusa ya kusomwa na yeyote. Alipong'amua, akaifunga. Kesho yake akanijia juu: "Dada, nimefunga kwa mkono wangu, mbona kijana wa stoo anajua posho ya bosi?"

Kijana hakudukua chochote. Alifungua snapshoti ya juzi, na humo faili lina ruhusa zake za juzi. Amri ya chmod, ya kubadili ruhusa, haifui dafu humo. Hata mimi mwenye nenosiri la root siwezi, kwa kuwa snapshoti ni ya kusomwa tu.

Wengi hukimbilia mpangilio wa snapdir=hidden, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya mfumo wenyewe. Hilo ni pazia tu: folda haionekani ukiorodhesha, lakini anayelijua jina anaandika cd .zfs na kuingia. Matoleo ya karibuni ya OpenZFS yana disabled, inayofunga kabisa. Siitaki. Kila aliyefuta barua angehamia mezani kwangu.

Mhasibu nimempa dataseti yake peke yake, yaani sehemu ya ZFS yenye snapshoti zake yenyewe. Njia ya kwenda .zfs inapitia folda ya juu kabisa ya dataseti. Ukiifunga hiyo leo, asiye na ruhusa hafiki kwenye snapshoti yoyote, hata ya mwaka jana. Snapshoti zilizobeba orodha ile kwenye dataseti ya zamani ilibidi zifutwe kwa zfs destroy, na matoleo ya zamani ya kazi za wengine yakaenda nazo. Walinuna, na walikuwa na haki.

Kwa zfs allow nimemruhusu mhasibu apige snapshoti zake wakati wowote. Ruhusa ya kuzifuta ameshaiomba, nimemkatalia.